Kazi Iliyobaki Kati ya Vyumba Viwili

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa najibu kwamba nabonyeza. Si utani. Tunatengeneza programu ya kompyuta ya kuendesha maghala, na kabla haijafika kwa mwenye ghala mimi huibonyeza kila mahali kama mtu asiyejua kitu, nione itakwama wapi. Kompyuta sikuisomea. Nilisoma Uganda mpaka pale karo ilipokatika, nikaongeza kidogo Kenya kwa shangazi yangu, na huko ndiko Kiswahili changu kilikonyooka kiasi hiki. Basi haya ninayoandika yachukuliwe hivyo, ni maneno ya mtu wa kubonyeza. Wenye elimu yao wangeweza kuliona jambo hili kwa namna nyingine kabisa, na huenda wangekuwa sawa.

Tulianza wawili, katika nyumba ya kupanga hapa mtaa wa New Site, Juba. Mwenzangu tulimwita Ustaz, kama watu wa Juba wanavyomwita mtu yeyote mwenye ujuzi wa kufundisha wengine. Kompyuta alijifunza mwenyewe katika kambi ya wakimbizi Uganda, kwenye mashine iliyokufa betri, ikawa inazima kila waya ukiguswa. Nadhani ndiyo sababu mpaka leo anakaa mbele ya kompyuta bila kutikisika.

Wakati huo programu ilifanya jambo moja tu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa jumla pale soko la Custom, Msomali aliyezaliwa Kenya, sisi tunamwita Hajji. Alikuwa na ghala moja na alitaka kujua nini kimeingia na nini kimetoka. Ustaz aliandika, mimi nikabonyeza. Nilikwenda Custom kuwaonyesha watu wa ghala, na wakipiga simu nilipokea mimi. Tatizo likitokea nililisema tu kwa sauti kuvuka meza, naye alilirekebisha huku nimemshikilia mpigaji kwenye laini kwa kumuuliza habari za watoto. Jenereta likiisha mafuta alikwenda yeye kuyatafuta. Sola zikijaa vumbi nilipanda mimi kuzipangusa. Ungeniuliza siku zile nani ana kazi gani, ningekuona unatafuta ugomvi.

Halafu kulikuwa na sinia. Mchana tulinunua ful kwa mama wa pale kona, yale maharagwe ya kuponda, na mkate na kitunguu, na mafuta ya simsim juu. Tuliweka sinia moja sakafuni tukala. Hapo ndipo kazi ilipozungumzwa. Ustaz alichovya mkate akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba leo amebadilisha mambo ya sabuni, nami nikajua jioni nitabonyeza wapi. Hatukuandika popote. Hata akimaliza kitu kikubwa saa tatu asubuhi, alikaa nacho mpaka ful ifike. Jambo likisemwa kwenye sinia limejulikana, lisiposemwa bado halijawa. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo na hakuna aliyejua kwamba ni sheria.

Biashara ya Hajji ilikua, na programu ikakua nayo. Alifungua maghala mengine. Kisha akataka maduka madogo yaagize kwa simu. Kisha akataka malori yaingie humo, ijulikane lori lipi linapeleka nini wapi. Kila ombi lilikuwa dogo likija peke yake, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kusema hilo ni rahisi. Lakini nilianza kuona kitu kibaya katika kubonyeza kwangu. Zamani asubuhi moja ilinitosha kupita kote. Sasa nilikuwa nikigusa sukari, sabuni inapotea. Nikirudisha sabuni, duka la mtaa wa Juba Na Bari linajiona liko Custom. Ustaz alirekebisha, akarekebisha, macho yakamwiva.

Ndipo Hajji, kwa kuwa ndiye anayelipia kazi, akaleta watu wawili. Wa kwanza ni mama Mkenya aliyewahi kuongoza kazi kama hii kwao. Tunamwita madam. Wa pili ni mtoto wa dada yake Hajji, kijana aliyesoma kompyuta Nairobi, aje aandike upande wa malori.

Madam alikuja na ubao mweupe na vikaratasi vya rangi vinavyobandikwa. Kazi moja, kikaratasi kimoja, mwenye kazi mmoja. Ustaz na maghala yake chumba cha mbele. Mpwa wa Hajji na malori yake chumba cha nyuma. Mimi nikawekewa meza kwenye korido, simu mkononi, na nikapewa jina, mjaribu. Nilimpigia shangazi kumwambia nina cheo. Na ilikatazwa mtu kugusa kikaratasi cha mwenzake, ili kitu kikiharibika kijulikane kimeharibikia wapi.

Nataka kumtendea haki mama huyu, kwa sababu nikisimulia haraka atatokea mbaya. Kabla yake, Ustaz akiugua malaria, kazi nzima ililala kitandani pamoja naye, na watu wa Hajji walirudi kwenye kalamu. Alipokuja yeye, mtu aliweza kuugua. Hakuwahi kumkaripia mtu mbele ya mwenzake. Viti tunavyokalia ni yeye aliyevidai kwa Hajji. Na kile kikaratasi changu chenye kazi yangu tu, mimi nilikipenda. Nilikwenda nyumbani nikijua nimemaliza, kitu ambacho zamani sikukijua.

Ustaz hakukipenda chake. Kiswahili chake ni cha Uganda, kile cha mkato, na siku moja aliniambia, "Zamani mimi iko najua nyumba yote. Sasa wananipa dirisha moja, wanasema angalia hapa tu." Nyumba yenyewe ilikuwa imekuwa kubwa, mtu mmoja asingeweza kuilinda yote, na hilo naye alilijua. Lakini aliyeijenga ni yeye.

Sinia liliendelea. Mpwa wa Hajji alikaa nasi sakafuni tangu siku ya kwanza alipofika, hakungoja kualikwa. Alimtania Ustaz kwamba anakula kama anavyoandika programu, anakwenda moja kwa moja katikati na pembeni anawaachia wengine wasafishe. Ustaz alimjibu kwamba afadhali hivyo, kuliko mwenye kuzunguka ukingoni mchana kutwa kama lori lililopotea njia. Tulicheka, na katikati ya kicheko hicho maghala na malori yaliambiana kila kitu. Madam alikula mezani kwake, sahani yake, kwa sababu tumbo lake halikupatana na ful. Hakujua kwamba mabadiliko yanapita pale sakafuni. Hatukumficha. Sisi wenyewe hatukujua, tulidhani tunakula.

Kisha Ramadhani na Kwaresima zikaja pamoja. Mpwa wa Hajji alifunga. Ustaz, ambaye ni Mkatoliki wa kweli, aliweka nadhiri ya kutokula mchana mpaka Pasaka. Mimi kanisa langu halinibani hivyo, lakini niliona aibu, nikawa nakula mkate wangu kimyakimya kwenye korido nimeipa mgongo milango yote miwili. Sinia liliegemezwa ukutani jikoni. Nyumba ilikuwa tulivu sana majuma yale, na madam aliniambia kwamba sasa watu wanafanya kazi vizuri. Nilikubali.

Katika utulivu huo Hajji alipiga simu na ombi. Vibanda vidogo vya Juba Na Bari havikuweza kununua katoni nzima ya mafuta ya kupikia. Vinunue jerikani moja moja, basi mafuta yahesabiwe kwa jerikani, si kwa katoni. Madam aliandika kikaratasi, na kwa kuwa mafuta hukaa ghalani, akampa Ustaz. Ustaz aliifanya kazi hiyo vizuri. Niliibonyeza mimi mwenyewe upande wa ghala, ikakubali kila mahali. Kikaratasi kikahamia mwisho wa ubao, kule kunakokaa yaliyokwisha.

Upande wa malori hakuna aliyeambiwa. Lori lilipoona duka limeagiza kumi, lilielewa kumi kama lilivyofundishwa siku zote, yaani katoni kumi. Na katoni moja ina jerikani kadhaa ndani.

Mtu aliyezoea kazi hizi ataona mara moja kilichofuata. Sikukuu zilikaribia, oda za mafuta zikawa nyingi. Vijana wa ghala walipakia kama programu ilivyowaambia kwenye simu, na sitawalaumu, kwani sisi ndio tuliowafundisha kuiamini simu. Malori ya kwanza yalikuja huku New Site yamejaa mafuta mpaka juu. Wenye maduka walikataa kuyapokea, madereva wakazunguka nayo wakitafuta wa kuwashushia, na ghala likawa tupu. Malori ya Juba Na Bari hayakuwa na cha kubeba. Akina mama wa kule walikwenda kwenye vibanda vyao kutafuta mafuta ya kupikia sikukuu wakaambiwa hakuna. Simu yangu iliwaka moto. Mama mmoja mwenye kibanda aliniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko matusi ya wengine, kama tumewafuta.

Hajji alikuja mwenyewe. Alikuwa amefunga, midomo imekauka, na alizungumza polepole. Madam alianza kumweleza kuhusu mfumo, jinsi sehemu zinavyotegemeana. Alimkatiza.

"Madam, sitaki kusikia mfumo. Mfumo hauendi nyumbani kulala. Nataka mtu mmoja. Huyo aondoke kabla sijapakia mzigo mwingine."

Hakutaja jina na hakuhitaji. Kulikuwa na vyumba viwili, na katika kila chumba mtu mmoja, na mmoja wao ni mtoto wa dada yake. Madam aliomba apewe mpaka kesho asubuhi. Hajji alipoondoka, madam alinijia kwenye korido akasema kesho ataniuliza mimi, mbele ya wote, kwa kuwa meza yangu iko kati ya milango miwili na nasikia pande zote. Nilimwambia mimi ni wa kubonyeza tu. Alisema ndiyo maana.

Nilipotoka nje Ustaz alikuwa kwenye pipa la maji, ananawa uso. Alinawa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

"Ya ukhti," akaniita, dada, kama anavyoniita siku zote. "Kesho sema ukweli. Mafuta yangu ilikuwa sawa. Iliharibika kwa lori."

Nikamwambia lori halikuambiwa.

"Lori ana mdomo, angeuliza. Wewe unajua mimi iko hapa kabla ya ubao. Watoto yangu wako shule Uganda kwa hii programu. Wakinitoa, natoka na nini? Programu inabaki hapa."

Hakuwa ananiomba niseme uongo. Aliamini kila neno, nami nilipomtazama niliamini karibu yote. Lakini kabla sijafika barabarani mpwa wa Hajji alinifuata, amevaa kofia yake ya kwenda kuswali. Yeye hakuomba kitu. Alisema, "Dada, mimi sikuambiwa. Hata ungekuwa wewe, ungejuaje?" Kisha akaongeza kwamba watu watadhani mjomba atamlinda, kumbe ni kinyume. Mjomba atamfukuza yeye ili watu wasiseme alimlinda, na huko Nairobi mama yake atapata aibu ya miaka. Hilo sikuwa nimelifikiria. Naye nilimwamini.

Nilitembea nyumbani na hao wawili kichwani. Nilijaribu kuipima kwa njia ninayoijua, ya kubonyeza. Nimwondoe Ustaz, je, kosa lingetokea? Lingetokea, maana mwingine yeyote angemaliza kikaratasi chake vilevile. Nimwondoe kijana? Lingetokea. Nimwondoe madam? Hapo nilisita, nikaona kwamba bila madam tungekuwa tumekwama zamani kwa mengine. Nikajaribu kujiondoa mimi, na mimi pia nilikuwa nimebonyeza upande mmoja tu kwa sababu ndio ulioandikwa. Mwisho nikaondoa Ramadhani na Kwaresima, nikarudisha sinia sakafuni. Kosa halikutokea. Nilisimama njiani, boda boda zikinipigia honi. Niliogopa, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa la kijinga na nilijua nitalazimika kulisema.

Asubuhi tulikaa chumba cha mbele. Hajji kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, madam amesimama mbele ya ubao wake. Ustaz alikaa ameinama na mpwa wa Hajji alikuwa anachezea funguo. Madam aliniuliza, "Dada, kazi ya kuwaambia malori ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa ya sinia, madam."

Kijana alitoa kicheko kifupi, akakimeza. Wengine walinitazama kama nimepata homa. Basi nikaeleza, vibaya, nikirudi nyuma mara kwa mara. Nikasema sisi mabadiliko tulikuwa tunaambiana tukila. Tangu mfungo uanze hatujala pamoja. Nikasema ubao una kikaratasi cha kufanya kazi lakini hauna kikaratasi cha kumwambia mwenzako umeifanya, na mtu hatakiwi kuugusa upande wa mwingine. Ustaz alimaliza chake. Kijana hakupewa chake. Madam hakujua tunapoambiana, kwa kuwa anakula kule. Nilipowatazama nikaona hakuna hata mmoja aliyefurahi, maana kila mmoja alitaka nimsafishe na mimi nilikuwa nimewapaka wote kidogo.

"Hakuna aliyekataa kazi," nikamaliza. "Kazi hiyo haikuwa na mwenyewe."

Hajji alisogeza kiti chake mbele. Kisha akamuuliza Ustaz kama ni hivyo. Ustaz alijibu, "Mimi nilimaliza yangu," na hakuongeza. Akamuuliza mpwa wake, naye akasema ful anaikumbuka sana. Hajji hakucheka, ila alipitisha mkono kwenye ndevu.

"Sawa," akasema. "Hakuna anayeondoka. Lakini mimi ni mtu wa soko, siwezi kulikamata sinia. Nipeni shati moja la kushika. Mtu mmoja anayejua pande zote, kikiharibika kitu namwita huyo."

Nilimwona Ustaz akinyoosha mgongo. Nililiona hilo, nataka liandikwe kwamba niliona. Pande zote alizijua yeye kabla hazijaitwa pande, na kila mtu mle ndani alimfikiria yeye, hata kijana alikuwa ameanza kumgeukia. Madam alisema, bila haraka, kwamba Ustaz akijua kitu hukiweka kichwani mwake, na kazi hii ni ya mtu wa kusema. Kwamba apewe aliyeweza kueleza. Akaninyooshea mkono na kalamu ya ubao.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema mpeni Ustaz, mimi nitamkumbusha. Maneno hayo niliyapata baadaye, nikiwa nakaanga vitunguu nyumbani, yamekamilika kabisa. Pale nilisema, "Nitajaribu."

Tangu hapo nina kazi ambayo bado haina jina zuri. Kila asubuhi naingia chumba cha mbele nauliza nini kimebadilika na nani anapaswa kujua, kisha nakwenda chumba cha nyuma nauliza vilevile, kisha nabonyeza kutoka mlango mmoja mpaka mwingine. Inafanya kazi. Mafuta yanafika Juba Na Bari kwa jerikani. Madam ameongeza rangi nyingine ya vikaratasi, ya kuambiana, na mara moja moja hukaa nasi sakafuni na sahani yake, anasikiliza. Hajji ananipigia mimi, na akipiga moyo wangu unaruka kabla sijajua anataka nini.

Kuna swali moja ambalo nimeshindwa kulipima. Nilisema ukweli asubuhi ile, na ningeusema tena. Lakini ukweli ule uliwapunguzia wote na mimi ukaniongezea, na sijui kama moyo wangu, mahali fulani nisipopajua, ulikuwa umekiona kiti hicho kabla ya mdomo kufunguka. Sidhani. Siwezi kuapa.

Ustaz yupo. Hajaharibu kazi wala hajanisema vibaya popote, angalau sijasikia. Pasaka ilipopita na Idi ikapita, nililitoa sinia jikoni nikaliosha, ful ikaja na mkate na kitunguu. Mpwa wa Hajji alikaa hata kabla sijaliweka chini. Ustaz alisema kutoka mlangoni kwamba amezoea kukaa bila chakula cha mchana, na tumbo limekuwa jepesi. Huenda ni kweli. Watu huzoea. Tunaacha upande wake. Kijana anakula kwa kuzunguka ukingoni kama kawaida yake, akifika pale upande wa Ustaz unapoanza, anarudi alikotoka.

Ninapoingia chumbani kwake asubuhi na maswali yangu, ananijibu yote, kwa ukamilifu, haachi kitu. Jana nilimuuliza kama mambo ya unga yamekwisha. Aliendelea kutazama kompyuta yake, bila kutikisika.

"Iko tayari, madam," akasema.